Bonde Lisilo na Mbwa

Kambi ya Juu, Kericho
Jumapili, 11 Februari 2024

Mzee wangu Kipkoech,

Pokea salamu kwanza, kisha pokea shida, maana salamu ni moja na shida ni nyingi. Barua hii nampa Bogonko wa lori ya maziwa, ambaye ameahidi kuiacha kwa duka la binti yako Janeffer hapo Ndanai. Ningekupigia simu kama watu wengine, lakini mara ya mwisho nilipiga kelele mpaka majirani wakatoka nje, na wewe ukanijibu, "Ng'ombe amezaa salama." Mimi sikuwa nimeuliza habari ya ng'ombe.

Tangu uache kulinda mpaka wa shamba na msitu, mambo hapa yamegeuka. Mashine za kuchuna majani ya chai zimefika mpaka kwetu. Mashine moja inashikwa na wanaume wawili, na kufikia saa nne asubuhi wamemaliza kazi ya watu thelathini. Unajua mke wangu Gesare alikuwa akinishinda kwa kilo, na hakuacha kunikumbusha mbele za watu. Sasa tumeachishwa kazi siku moja, tumekuwa sawa. Nyumba tumeachiwa mpaka mwisho wa Aprili, halafu turudishe funguo.

Kisii siwezi kurudi. Marehemu baba aliwagawia wana sita shamba lile, na sehemu yangu nikilala kichwa kikiwa kwangu, miguu iko kwa kaka. Nataka tupange chumba Kapsoit, Gesare auze mboga, na Nyamwange wetu asitoke shule akiwa gredi ya nane. Kwa hiyo nimerudi kwa kazi uliyonifundisha wewe. Nikipata pongo wawili tu kwa mwezi, mmoja tutakula na mwingine tutauza, na tutabaki huku.

Lakini mzee, msitu umejaa watu. Zamani tukikutana na mwindaji mwingine tulisalimiana kama ndugu waliokutana ng'ambo. Siku hizi ukiingia kwa lango la juu ni kama soko la Chepilat. Kila aliyeachishwa kazi amepata mbwa, na asiye na mbwa ametega waya ya breki. Wiki iliyopita nilifuata nyayo za pongo kutwa nzima, nikaja kukuta watu wanne mbele yangu wanafuata nyayo zizo hizo, na pongo mwenyewe alikuwa ameliwa tangu juzi. Wanyama waliobaki hawatoki tena mchana. Hata ndege wamenyamaza.

Wewe ulikuwa ukipotea peke yako siku mbili na hukurudi mikono mitupu. Tulikuwa tukifika kwenye ule mti ulioanguka, unaniambia, "Oyaro, mwisho wako ni hapa, rudi na mbwa." Nilirudi na mbwa miaka kumi na miwili bila kukuuliza. Leo nauliza. Bonde lako liko wapi?

Mwanafunzi wako,
Oyaro


Ndanai
24 Februari 2024

Oyaro,

Barua yako ilifika ikinuka maziwa. Janeffer aliisoma kabla yangu, akaniuliza kama mzee wa kanisa anaruhusiwa kuwa na rafiki mwizi wa wanyama. Nilijifanya sijasikia. Hiyo ndiyo faida pekee ya masikio haya.

Pole kwa kazi. Pole kwa Gesare zaidi, maana mikono yake ilizaliwa na majani ya chai.

Huku Ndanai hakuna msitu wa kutazama, kuna mahindi na ng'ombe na mvua isiyokuja. Nakaa nje ya duka nikiangalia midomo ya watu. Ulijua ni masikio yaliyonitoa msituni. Mwindaji asiyesikia mbwa wake ni mtalii.

Umeniuliza bonde. Sikiliza. Ingia kwa lango la juu, fuata kijito mpaka utakapoona mwamba mweupe kwa mkono wa kulia. Chini ya huo mwamba kuna mianzi. Ndani ya mianzi kuna bonde dogo lenye nyasi laini, na hapo hakuna mbwa wa mtu. Nenda kabla jua halijapasua ukungu, upepo ukiwa usoni mwako. Usimwambie yeyote, hata mkeo.

Ukiona maneno yangu hayakutoshi, andika tena.

Mimi mzee wako,
Kipkoech


Kambi ya Juu
Jumatatu, 11 Machi 2024

Mzee Kipkoech,

Nimefika kwa mwamba mweupe. Nimeona mianzi. Nimeona nyasi laini. Nimeona pia wanaume kumi na tisa na mbwa ambao sikuweza kuwahesabu kwa vile walikuwa wanapigana.

Wa kwanza kukutana naye alikuwa Phelix, jirani yangu, ambaye tunagawana ukuta mmoja. Mimi nilikuwa nimemwambia naenda kliniki. Yeye alikuwa ameniambia anaenda matanga. Tulisimama pale kwenye mianzi tukiangaliana, kila mtu na upinde wake, mpaka akasema, "Basi, bro, daktari amesemaje?" Nilicheka kwa sababu sikuwa na la kufanya.

Halafu tukaanza kuulizana. Phelix ulimwambia wewe, mwaka ule alikusaidia kubeba kuni. Ndugu wawili wa Kapsoit uliwaambia wewe. Jamaa mmoja kutoka upande wa Bomet alisema ulimtajia marehemu baba yake mahali hapo mwaka wa tisini na nane, na baba yake akamrithisha kabla ya kufa kama mtu anayerithisha shamba. Wote uliwaambia kwa siri. Wote uliwakataza kuwaambia wake zao.

Alitokea pongo mmoja tu, jike, mbavu zinahesabika. Mbwa walimrarua kabla mtu hajainua mkono. Na bado ukazuka ugomvi wa paja. Unajua desturi, paja la nyuma ni la mwenye mshale wa kwanza. Kila mtu akasema mshale wa kwanza ni wake, na mnyama hakuwa na mshale hata mmoja mwilini. Visu vilitolewa, mzee. Mimi nilipata muundi mmoja nikatoroka nao. Gesare aliuchemsha mara mbili, mara ya kwanza tule, mara ya pili tusahau.

Sasa niambie kwa nini. Nilikubebea mzigo miaka kumi na miwili. Mama Janeffer alipofariki nililala kwako wiki nzima. Kama hukutaka kuniambia, ungesema, "Sitaki." Mimi ni mtu mzima, ningekubali. Lakini kunitupa na hao wengine, kunipa kile ulichompa kila mpita njia, hiyo imeniuma kuliko kuachishwa kazi.

Aprili inakuja. Nauliza tena, na hii mara ya pili nauliza kwa uchungu. Liko wapi?

Oyaro


Ndanai
22 Machi 2024

Kijana wangu Oyaro,

Nilisoma barua yako nikacheka mpaka Janeffer akaja mbio akidhani nimepatwa na kifafa. Baadaye niliisoma tena na sikucheka.

Kumbe hukujua? Miaka kumi na miwili, na hilo sikukufundisha! Babangu na wenzake waliokuwa wakiwinda pamoja walikuwa na adabu moja. Mwindaji akiulizwa mara ya kwanza alikotoa nyama, hutaja mahali pengine. Hakuna aliyeona ni uongo. Anayeuliza anajua, anayejibu anajua, wanakunywa chai, wanaongea mambo ya mvua. Mwenye haja ya kweli anauliza tena. Jibu la kwanza ni kiti cha kumkaribisha mgeni, chakula bado kiko jikoni. Lakini watu wa siku hizi wakipewa kiti wanashukuru na kukimbia nacho. Hao kumi na tisa hakuna hata mmoja aliyerudi kuniuliza mara ya pili. Nilidhani wewe unajua. Ndiyo maana nilikuandikia, andika tena. Nisamehe.

Sasa umeuliza mara ya pili. Shika haya.

Mnyama aliyesumbuliwa hakimbilii mbali. Hujibana mahali pabaya ambapo binadamu hapendi kupita, ananyamaza, anakula gizani. Usitafute mahali pazuri. Tafuta mahali ambapo miguu yako inakuambia turudi.

Lango la juu liache. Zunguka upande wa Bomet, uingie pale njia ya waokota kuni inapoishia. Vuka mito miwili. Ukivuka wa pili panda mpaka ufike ukingo unaoshuka wima, umejaa upupu na miiba. Watu wote hugeuka hapo. Wewe usigeuke. Shuka. Chini kuna udongo wa chumvi ambao pongo huja kulamba.

Nenda katikati ya wiki, watu wakiwa wanatafuta vibarua. Acha mbwa nyumbani, watakutangaza. Vaa lile koti langu la kahawia nililokuachia, lina rangi ya majani makavu. Na askari wa msitu wasikuone.

Mzee wako,
Kipkoech


Kambi ya Juu
Jumamosi, 30 Machi 2024

Mzee wangu,

Naandika haraka, Bogonko anapiga honi. Nimekusamehe hata kabla sijafika mwisho wa barua. Nilimsomea Gesare ile ya kiti, akasema wazee wa Kipsigis mna taabu, kwao mtu akiulizwa ndizi ziko wapi anaonyesha ndizi.

Naenda Jumanne baada ya Pasaka. Phelix ananifuata kwa maswali kama kupe. Anasema, "Mzee amekujibu tena, nimeona barua." Nimemwambia umeniandikia habari za ng'ombe. Nimemwambia pia kwamba Jumanne nitakuwa Chepilat nikitafuta kibarua. Alitikisa kichwa tu. Naona sasa nimekuwa mwindaji kamili, naweza kumdanganya mtu ninayesikia akikohoa usiku.

Miezi mingi sijajisikia hivi. Gesare ameanza kufunga vyombo vya kupeleka Kapsoit. Ameshachagua chumba, kina dirisha.

Paja la kwanza ni lako. Nitalikausha nimpe Bogonko alilete, na Janeffer aombe msamaha kanisani kwa niaba yetu.

Oyaro


Ndanai
8 Aprili 2024

Oyaro,

Sijapata neno kutoka kwako. Bogonko hajapita siku kumi, wanasema mvua imekata barabara. Kwa hiyo sijui kama umeenda au hujaenda.

Kama hujaenda, usiende. Mvua hii si ya kuchezea, na ule ukingo ukilowa hauna pa kushika. Tena kuna neno ambalo sikuliandika. Nimejaribu mara tatu na karatasi zote Janeffer amewashia jiko. Njoo Ndanai. Nauli nitampa Bogonko. Nitakuambia ana kwa ana, nikiangalia mdomo wako, nijue umenijibu nini.

Kama umeenda na umerudi, niandikie hata mstari mmoja. Niandikie hata kama ni matusi.

Kipkoech


Kambi ya Juu
Jumanne, 16 Aprili 2024

Kwa Baba Janeffer,

Ni mimi Gesare, mama Nyamwange. Barua yako ya tarehe nane nimeifungua mimi. Oyaro hayupo. Tulimzika Jumamosi kwao Kisii, mlangoni pa kaka yake kwa sababu upande wetu haukutosha.

Sijui kuandika kwa kuzunguka kama nyinyi wawili. Nitakueleza vile ilikuwa.

Alitoka Jumanne saa kumi alfajiri na koti lako. Phelix alikuwa macho ng'ambo ya ukuta. Alimsikia, akamfuata kwa mbali mpaka upande wa Bomet. Na yeye mwenyewe alikuwa anafuatwa. Wale ndugu wa Kapsoit walikuwa wamekuja kulala kwake wakisema Oyaro ameambiwa mahali pa kweli. Kulikuwa na wengine nyuma yao. Polisi wameandika majina kumi na moja. Mume wangu alidhani yuko peke yake.

Wanasema baada ya mto wa pili ukungu ulishuka mpaka mtu haoni mkono wake. Wakatawanyika. Kila mmoja alitaka afike kabla ya mwenzake. Phelix alifika juu karibu na ukingo, akaona kitu cha kahawia kimeinama kwenye miiba, kinasogea polepole. Kilikuwa Oyaro anatafuta pa kuweka mguu ashuke. Phelix aliogopa wale wengine wakifika watasema mshale wa kwanza ni wao. Hakungoja aone vizuri.

Mshale uliingia shingoni. Phelix mwenyewe ndiye aliyembeba mpaka barabarani. Alikuwa akilia, anamwambia, "Bro, shikilia, shikilia, tumekaribia." Hawakuwa wamekaribia. Alijipeleka polisi na damu ikiwa bado kwa shati. Sasa yuko rumande, na mke wake Valary yuko hapa ng'ambo ya ukuta na mtoto mchanga. Namsikia usiku na yeye ananisikia. Mchana hatusalimiani. Jana nilikuta ameniwekea kuni mlangoni. Nilizichoma.

Sikuandiki kukulaumu. Kulaumu kunataka nguvu na mimi sina. Nataka kujua jambo moja tu, na nakuomba kwa jina la mama Janeffer aliyelala usinipe jibu la kiti.

Je, alikuwa amekaribia? Kama angeshuka siku ile, angewakuta? Watu wananiambia, "Pole, alikuwa amebakisha hatua chache." Nalishika hilo neno usiku kama dawa. Kama ni kweli, nitajua kwamba mume wangu alikufa akiwa mlangoni pa kitu, na nitamwambia Nyamwange hivyo akikua. Nijibu.

Gesare


Ndanai
28 Aprili 2024

Mama Nyamwange, binti yangu,

Bogonko aliniletea barua yako Ijumaa. Hakunipa mkononi, aliiweka kwa kaunta akaondoka bila kuniangalia, ndipo nikajua kabla ya kusoma.

Umeniomba nisikupe jibu la kiti. Sitakupa.

Hakuwa amekaribia kitu chochote.

Bonde langu lilikuwepo kweli, lakini si kule nilikomtuma. Lilikuwa nyuma ya ule mti ulioanguka, mwendo wa nusu siku. Kwanza waliingia wakata miti, halafu ng'ombe, halafu waya. Nilikuwa nikizitegua hizo waya nikirudi nazo mfukoni. Mwaka wa elfu mbili kumi na nane, mwezi wa nane, nilifuata nyayo za pongo jike siku tatu. Nilijua ndizo nyayo pekee zilizobaki. Nilijua, mama. Lakini mkono uliozoea haumuulizi mwenyewe. Nilimpiga, na nilipomchuna alikuwa na maziwa. Nilitafuta mtoto mpaka giza likaingia na sikumwona. Nilirudi bonde lile miezi minne mfululizo na sikuona hata kinyesi.

Ndipo nikaacha kazi nikawaambia watu masikio yamekataa. Mwaka ule masikio yangu yalikuwa yakisikia vizuri kabisa. Yamekufa baadaye, na mimi nadhani yaliona afadhali yafanye nilichosema.

Ule ukingo sijawahi kuushuka maisha yangu. Nilikuwa nikigeuka pale kama kila mtu. Udongo wa chumvi niliutunga nikiwa nimekaa nje ya duka, chai ikipoa. Mara ya pili mtu akiuliza, adabu inataka aambiwe kweli. Kweli ilikuwa neno moja, hakuna. Nilichukua kalamu niliandike. Nikamwona akilini Oyaro anaisoma barua hapo kwa mlango wenu, na wewe unasubiri akwambie mzee amesemaje. Mkono ukakataa. Nikaona bora nimpeleke mahali pagumu, achoke, ageuke, arudi aseme mzee ni mwongo. Nilitaka aache kwa hasira, asiache kwa kukata tamaa. Hiyo ndiyo akili niliyokuwa nayo. Sikuwafikiria hao wengine kabisa. Na koti nilimwambia mimi avae.

Usimwambie mtoto kwamba baba yake alikuwa mlangoni pa kitu. Mwambie alikuwa na rafiki mzee aliyeona haya.

Sikuombi msamaha, maana ukininyima utakuwa na haki na ukinipa sitajua pa kuuweka. Wale watu wakija kukuuliza njia, na watakuja, wasomee barua hii yote. Usiache mstari. Labda neno langu moja la kweli litawarudisha.

Kipkoech


Kambi ya Juu
Jumapili, 12 Mei 2024

Kwa Baba Janeffer,

Nilipata barua yako. Nililia, halafu nikakasirika, halafu nikafua nguo za watoto. Nilitaka kukuchukia na nimeweza siku nyingine, siku nyingine nimeshindwa. Ungeandika lile neno moja mwezi wa pili, tungelia siku moja tukafunga vyombo, na leo angekuwa anagombana na kaka yake juu ya mpaka. Mimi ningempenda hata pale kwenye sehemu ya kulala miguu nje. Hilo ndilo ninalokudai, na huwezi kulilipa.

Kampuni ilituongezea wiki mbili kwa ajili ya msiba. Tunaondoka Ijumaa, mimi na watoto. Kile chumba cha Kapsoit chenye dirisha kimechukuliwa.

Walikuja Jumatano jioni kama ulivyosema. Wanaume saba, wengine niliwajua, nilichuna chai nao. Walikaa kwenye viti vyote, waliokosa wakasimama. Walileta sukari na unga. Walisema pole, wakasema tena, halafu mmoja wa wale ndugu wa Kapsoit akasema, "Mama, unajua sisi pia tuko na watoto. Kama marehemu aliacha maelezo ya hiyo njia, si utusaidie tu."

Nilitoa barua yako nikawasomea yote. Sikuacha mstari, hata ule wa maziwa. Walisikiliza wamevua kofia. Nilipomaliza nilisikia mtoto wa Valary akilia ng'ambo ya ukuta. Nilidhani wameelewa.

Yule wa Kapsoit akasema, "Lakini huyo mzee mwenyewe anasema hajawahi kushuka huko chini. Sasa anajuaje hakuna kitu?"

Nikamwambia ameandika hakuna. Ameandika aliutunga.

Akasema, "Hiyo ni yeye. Mzee ni wa kuficha, kila mtu anajua. Lakini Oyaro hakuwa mjinga, mama. Mtu hawezi kufia mahali hakuna kitu."

Wengine wakaitikia. Hakuna aliyecheka. Nilirudia mara ngapi sijui, nikapiga kelele, nikawaita mbwa, wakaniambia pole, wakaniambia wanaelewa uchungu wangu na wanajua lazima nifikirie watoto wangu kwanza. Walidhani nawafungia mlango ili Nyamwange aje arithi. Waliacha sukari na unga mezani.

Njia hawakuipata kwangu. Waliipata kwa Valary. Phelix alimweleza yote rumande, mto wa kwanza, mto wa pili, miiba. Aliwaomba wamletee paja moja. Nilimsikia kwa ukuta akiwaelekeza na sauti yake ilikuwa na furaha, na sikuweza kumlaumu.

Alhamisi alfajiri walipita hapa mlangoni na mbwa wao. Hawakuwa tena saba. Nilihesabu mbwa mpaka arobaini, nikaacha.

Gesare